Nanga ya Geita: Mti Huulizwa Kwanza

Msafiri atokaye Shinyanga mjini kwenda Geita huanza safari yake katika nchi ya upeo mrefu. Mbuga imetanda, mibuyu imesimama mmoja mmoja, na makundi ya ng'ombe huonekana tokea mbali. Zamani palikuwa na miti mingi. Misitu ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, ikafyekwa tena kupisha pamba, hata kuni zikawa shida. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, nao ukafufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi. Ndani ya ngitili miti ikarudi.

Nilipita Tinde na Kahama, nikashika njia ya Kakola hadi Geita, mkoa uliozaliwa mwaka 2012. Huko mazungumzo ni dhahabu. Mimi nilikuwa natafuta nanga. Si nanga ya meli, ndugu msomaji, bali ala ya nyuzi ya Wazinza, ambayo Wahaya na Wakerewe nao wanayo. Ni ubao uliochimbwa kama sinia refu. Uzi mmoja huenda na kurudi juu yake, ukishikwa na meno ya ncha mbili, hata zikapatikana nyuzi saba au nane. Zamani uzi huo ulikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni. Mpigaji huipakata, akaimba habari za mashujaa.

Mchongaji mmoja mzee alinipokea uani kwake. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," bila kuliweka chini tezo lake.

"Mti huulizwa kwanza," alinieleza. Huupiga shina kwa mgongo wa panga, akasikiliza. Uliooza moyo hujibu kama debe tupu, naye huuacha. Akiupata mzima, tena akiwa na kibali cha kuukata, gogo hupasuliwa kwa kabari badala ya msumeno, ili nyuzi za mti zifuate urefu wa ubao. Sehemu nyeupe ya nje huondolewa, kwani wadudu huila. Yeye hupenda mninga, maana moyo wake haujipindi sana ukikauka. Ncha hupakwa samadi zisipasuke, na gogo hulazwa kivulini zaidi ya mwaka.

Ndipo tezo huchimba tumbo, na kisu hulainisha. Kila mara mzee hugonga kwa kifundo cha kidole. Ubao mnene ni bubu. Mwembamba kupita kiasi hupasuka nyuzi zikikazwa. Ncha huachwa nene, kwa kuwa ndizo zibebazo mvuto wote.

Nilimwomba anionyeshe nanga iliyokamilika. Akanionyesha mahali patupu chini ya upenu. Hapo palikuwa na gogo la mninga lililokauka miaka mitatu. Mwanawe ni mchimbaji mdogo. Masika iliyopita mvua ililegeza kuta za duara lao, na matimba ya kulikinga yakapungua. Kijana alikuja usiku, amesimama mlangoni, hasemi neno.

"Nililigonga mara ya mwisho," mzee alisema. "Lilijibu vizuri sana. Nikampa. Nanga husubiri, mwanangu, udongo hausubiri."

Gogo hilo sasa li chini ya ardhi, nalo linazuia ukuta juu ya vichwa vya watu. Mzee amelaza jingine, bichi bado, na amehesabu masika mbili kabla ya kuligusa. Umri wake haumpi hakika ya kuziona zote mbili.

Sisi wa mijini tununuao mkaa kwa gunia tumo katika habari hii. Mti mmoja unadaiwa na jiko, na shimo, na wimbo. Shinyanga imeonyesha kwamba miti hurudi ikipewa nafasi. Nilipoaga, mzee alikuwa ameinama juu ya gogo lake bichi, akilipaka samadi nchani kwa kiganja, taratibu, kama mtu apakaye mtoto mafuta.