Gari la Mwendo: Gia za Mkono au Otomatiki?

Mwezi uliopita mdogo wangu, afanyaye biashara ya mahindi na maharagwe mjini Mpanda, aliniletea shauri ambalo sikulitazamia. Amekwisha kuweka akiba ya kununua motokaa. Wala hataki pikapu ya kubebea magunia, ambayo ingemrudishia fedha yake. Ataka Toyota Altezza RS200, gari la chini, lenye mlio wa kugeuza vichwa vya watu sokoni. Amepata mawili Mbeya, bei zake karibu sawa, yote yametumika kwanza Japani. Moja lina gia za mkono, la pili ni otomatiki. "Kaka," akaniuliza, "nichukue lipi?"

Pengine utasema: gari la namna hiyo na milima ya Mwese, wapi na wapi? Ni kweli. Masika huku kwetu udongo huteleza hata pikipiki zikalala chini, sembuse gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma na tumbo lake li karibu na ardhi. Lakini yeye akaa Mpanda, na siku hizi lami imefika pale toka Sumbawanga na toka Tabora. Kiangazi atapanda huku kumwona mama, na masika atakuja kwa pikipiki kama sisi wengine. Mtu aliyebeba magunia miaka 10 akitamani kitu kizuri, mimi simcheki.

Basi tuyatazame magari yenyewe. Injini hufanya kazi vema ikizunguka kwa kiasi chake. Ikizunguka pole pole mno huzimika, ikizidi mno hujiharibu. Kazi ya gia ni kuiweka katika kiasi hicho, gari likipanda, likiteremka au likikimbia. Katika gari la gia za mkono mguu wa kushoto hukanyaga klachi, injini ikaachana na magurudumu, mkono ukachagua gia, mguu ukaachia. Katika otomatiki ya kawaida hakuna klachi ya kukanyaga. Mahali pake pana chombo cha duara kilichojaa mafuta, na ndani yake mna mapanga kama ya feni mbili zinazotazamana. Feni ya upande wa injini ikizunguka huyasukuma mafuta, nayo mafuta huizungusha feni ya pili. Ndiyo sababu gari laweza kusimama gia ikiwa imeingia, na injini isizime.

Wamarekani walianza kuuza otomatiki kwa wingi katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Watu wa magari ya mbio hawakuipenda kwa miaka mingi, maana ilikuwa nzito, ilichelewa kubadilisha, na mafuta yale yalipoteza nguvu njiani. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ilikuwa na gia za mkono. Toka hapo ndipo vijana wetu walipopata ile imani kwamba mwanamume wa kweli hupangua gia mwenyewe.

Lakini dunia haikusimama. Mwaka 1989 Ferrari ilipeleka katika mashindano ya Brazil gari ambalo dereva hubonyeza tu nyuma ya usukani na gia hujibadilisha, na Nigel Mansell akashinda nalo siku ile ile ya kwanza. Mwaka 2008 Porsche wakaanza kuuza magari yao ya 911 yenye giaboksi ya klachi mbili: gia moja ikifanya kazi, inayofuata imekwisha kuandaliwa. Hakuna mkono wa binadamu uwezao kushindana na chombo hicho. Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba gia za mkono ndizo zenye kasi, mwulize kwanza ni gari gani.

Nami nilimwuliza mdogo wangu hivyo hivyo. Altezza ilitengenezwa toka mwaka 1998 hadi 2005, na otomatiki yake ni ile ya mafuta. Hiyo RS200 ya gia za mkono ina gia 6 na nguvu za farasi 210. Ya otomatiki ina gia 5 na nguvu 200. Basi kwa gari hili hasa, wapendao gia za mkono wana haki yao.

Tena kuna raha, ambayo haipimwi kwa saa. Mwaka 2013 Porsche walitoa 911 GT3 mpya bila gia za mkono kabisa. Wanunuzi walinung'unika, na mwaka 2017 zikarudishwa, ingawa gari la gia za mkono huenda pole kidogo kuliko lile jingine. Watu wanalipa fedha nyingi ili wafanye kazi ambayo mashine yaweza kuwafanyia! Mimi nawaelewa. Gari tunalotumia kazini hapa Mwese ni pikapu ya gia za mkono, na siku nikiipangua vizuri kilimani, bila kukwaruza, nafurahi peke yangu.

Sasa, mambo ya huku kwetu. Atokaye milimani kuteremka Mpanda sharti ajue kwamba breki zikikanyagwa mfululizo hushika moto, na zikishika moto mno utakanyaga nalo gari lisisikie. Mwenye gia za mkono huingiza gia ya pili kabla ya mteremko, na injini yenyewe hulishika gari. Mwenye otomatiki aweza vile vile, maana otomatiki nyingi zina L au namba 2 chini ya D, na nyingine zina vitufe kwenye usukani. Taabu ni kwamba wengi huingiza D alfajiri wasiiguse tena mpaka jioni. Na wale waingizao gia huru mteremkoni, ati waokoe petroli, wanapoteza vyote viwili. Injini za siku hizi hukata petroli zenyewe gari likiwa katika gia na mguu umeondoka kwenye mafuta. Katika gia huru injini huendelea kunywa ili isizimike.

Betri ikifa, gari la gia za mkono twalisukuma wanne, likawaka. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Wala usiivute kwa kamba mwendo mrefu: injini ikiwa imezimwa, pampu ya mafuta ya giaboksi nayo imelala, na vyuma vya ndani husagana vikavu. Ikiharibika mbali, ipandishwe juu ya lori. Kubadilisha sahani ya klachi mafundi wengi wanaweza. Kufungua otomatiki ni wachache, na wengi hukushauri ununue giaboksi nyingine iliyotumika.

Hapo nilikuwa nimekwisha kumwambia: chukua ya gia za mkono. Akafurahi sana. Lakini nilipomsalimia shemeji kwa simu jioni ile, nikasikia jambo ambalo mdogo wangu hakulitaja. Shemeji ni mwuguzi, na nusu ya fedha ile ni mkopo unaokatwa katika mshahara wake. Miaka 3 iliyopita aliangushwa na pikipiki, goti la kushoto likavunjika. Hutembea vizuri, lakini kukunja na kukaza goti hilo mara nyingi humtia maumivu ya usiku kucha. "Shemeji," akaniambia, "mimi sijui mambo ya farasi 210. Najua kuwa zamu ya usiku nitakwenda kwa miguu na gari likiwa uani."

Niambieni, wasomaji, mngejibu nini? Mguu wa kushoto ndio mguu wa klachi. Hiyo otomatiki, pungufu ya farasi 10, yaendeshwa na wawili. Ile ya gia za mkono, pamoja na uzuri wote niliowaelezeni, yaendeshwa na mmoja, na mwingine analipa.

Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia maneno hayo bila kuyazungusha. Alinyamaza sana. Halafu akaniuliza kama ni kweli vile vitufe vya kwenye usukani vyaweza kulishika gari katika mteremko wa huku. Nikamwambia ni kweli, mradi avitumie. Fedha bado iko benki. Jumamosi watapanda basi la Mbeya wote wawili kuyajaribu magari, na wamekubaliana kwamba atakayeshika usukani kwanza ni shemeji.