Miiba ya Arizona haina mswalie Mtume!

Wacha bwana! Mlima Wasson, kule Tucson, una mita 1,429 tu, nikamcheka binamu yangu kubeba lita nne za maji. Mimi mtoto wa Ubungo nikachukua kachupa kamoja.

Saa nne asubuhi jua linawaka, kivuli hakuna. Kila upande saguaro, madungusi marefu kama nguzo za umeme; mkono wa kwanza linaweza kuuota likiwa na miaka 50 na zaidi. Mengine, cholla, nikaligusa kidogo tu: pande zima likaning'ang'ania mguuni! Binamu akalibandua kwa kitana. Nililia, sifichi.

Kilele hicho tunakiona. Kachupa kangu katupu, maji yake tumeshanywa nusu. Nikang'ang'ania tupande.

"Ndugu yangu, joto hili linaua watu. Geuza."

Nikageuza, nimenuna mpaka kwenye gari.