Kazi ya Umeme, Kazi ya Hewa

Mimi na mzee aliyenifundisha kazi tulibishana juu ya dainamo ya Volkswagen kwa zaidi ya miaka 40, na alipozikwa kwao Machakos Aprili iliyopita ubishi ulikuwa bado haujakwisha. Mazishini walimsifu kwa imani yake, kwa wajukuu aliowasomesha, kwa shamba la maembe. Hakuna aliyesema alikuwa fundi wa namna gani. Nimeandika haya kwa sababu hiyo.

Nilizaliwa Kawangware mwaka 1955. Baba alikuwa mlinzi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, ule ambao wakoloni waliuita Mitchell Park na sasa ni Jamhuri. Pasaka ya 1962 Tommy Fjastad alishinda mbio za Safari kwa Beetle. Gari la aina hiyo lilikuwa limekwisha kushinda mwaka 1954 mikononi mwa Vic Preston na mwaka 1957 mikononi mwa Gus Hofmann, kwa hiyo sisi watoto hatukuwa na gari jingine la kuabudu. Karo ikakosekana, shule nikaiacha, na mwaka 1973 nikaingia kwenye banda la mabati la mzee, kando ya Barabara ya Ngong, nikabebe spana.

Mzee alikuwa amejifunza umeme wa magari kwa mafundi wa Kisikh wa Grogan Road, kabla haijaitwa Kirinyaga Road. Kwake dainamo haikutupwa. Aliifungua, akatoa amecha, akaipeleka kwenye mashine ikakerezwe komyuteta. Iliporudi alichimba maika iliyo kati ya vipande vya shaba kwa bleidi ya msumeno aliyoinoa mwenyewe ikawa nyembamba, kwa kuwa maika ikisimama juu ya shaba kaboni hurukaruka na cheche huila. Ukimletea msasa wa emeri alikufukuza bandani: chembe zake hupitisha umeme na hukaa humo ndani. Akishafunga alitoa mkanda, akaunga ncha ya DF kwenye mwili wa dainamo, kisha akagusisha waya wa betri kwenye ncha ya D+. Dainamo nzima huzunguka yenyewe, kama mota. Ikizunguka taratibu bila kukwama, imepona. Ikitetemeka, anaifungua tena, hata kama mwenye gari amesimama pale akiangalia saa.

Kiwandani huko Ujerumani, Volkswagen ilianza kuweka altaneta kwenye Beetle miaka hiyohiyo ya 1970. Huku kwetu zilikuja kwa uchache, na wateja wakaanza kuuliza kama zao zinaweza kubadilishwa. Mzee alikataa. "Kijana," aliniambia, "dainamo ikilala unaiamsha kwa waya. Altaneta ikilala unanunua nyingine." Hoja yake ya pili ilikuwa nzito zaidi. Chuma cha dainamo hubakiza usumaku kidogo hata gari likiwa limezimwa. Betri ikifa kabisa, watu wanne wanasukuma, dainamo inaanza kuzalisha yenyewe, na gari linakwenda. Altaneta husubiri umeme wa betri upite kwenye taa nyekundu ya dashibodi ndipo iamke. Betri isipokuwa na chochote, mtasukuma mpaka jioni.

Mimi nilimjibu kwa kumwonyesha Barabara ya Ngong. Sikiliza hesabu yake. Dainamo ya volti 12 ya Beetle hutoa ampea 30 injini ikikimbia vizuri. Gari likisimama kwenye foleni na injini inanguruma polepole, haitoi kitu, ndiyo maana ile taa nyekundu huwakawaka. Taa mbili za mbele za wati 45 peke yake hula zaidi ya ampea saba. Ongeza waipa, taa za nyuma, koili ya plagi. Jioni ya mvua za Aprili, kutoka mjini hadi Adams, mteja wangu alikuwa akila betri yake njia nzima na kufika nyumbani mtaa wa Jamhuri taa zikiwa za manjano. Altaneta huchaji hata gari likiwa limesimama, na ile ya Bosch ya Beetle hufika ampea 50 na ushee. Mzee alisema betri ichajiwe nyumbani usiku. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba mtu hanunui gari ili alilaze kwenye chaja.

Basi nikaanza kubadilisha, kwanza kwa wateja wangu wa jioni, baadaye katika banda langu mwenyewe. Na hapa ndipo penye jambo ambalo bado linanichoma.

Watu hudhani kubadilisha dainamo kuwa altaneta ni kazi ya waya. Kwenye Land Rover ya zamani, ndiyo. Unakwenda Kirinyaga Road, unanunua altaneta ya Toyota, unatengeneza bamba la kuishikilia, unaunga waya, umemaliza. Beetle haina maji, haina redieta. Inapozwa na feni iliyo ndani ya lile boksi la bati, na feni hiyo imefungwa kwenye ncha ya nyuma ya shafti ya dainamo ileile. Mkanda unazungusha puli upande huu, feni inazunguka upande ule, karibu mara mbili ya kasi ya injini. Kwa hiyo anayegusa dainamo ya Beetle ameshika mapafu ya injini. Altaneta ya Toyota haina shafti ya kutokea nyuma, na hapo ndipo ujanja ulipoanzia.

Kulikuwa na gereji moja, sitaitaja, iliyokuwa ikiunga shafti kwa welding na kuikereza ilingane. Bei yao ilikuwa nusu ya yangu, na wakaeneza maneno kwamba nawatoza watu kwa jina la Ujerumani. Shafti iliyoungwa haikai sawa kwenye mstari wake. Feni ikiyumba kidogo tu kwa kasi ile hula bati, beringi hulia, mwishowe kiungo hukatika. Mteja wao mmoja alikatikiwa akipanda kutoka Mai Mahiu, mchana wa jua. Gari liliponifikia kwa kamba, pistoni mbili zilikuwa zimeshikana na silinda. Hakuna aliyekuja kuniomba radhi kwa yale maneno.

Kazi yenyewe inataka altaneta ya Volkswagen, stendi yake, na bamba lake la nyuma. Stendi ndiyo inayobeba pia mdomo wa kutilia oili, kwa hiyo gasketi zake zikifungwa vibaya injini itatema mafuta na kumeza vumbi. Bamba lina upenyo wa kupitishia hewa ya kupoza altaneta. Upenyo huo hutazama chini. Nimefungua magari ambayo fundi aliugeuza juu kisha akalaumu Wachina. Kati ya feni na bamba pawe na nafasi ya milimita 2, ambayo hupatikana kwa kuongeza au kupunguza washa, na hupimwa. Macho hayapimi milimita. Nati ya feni, ya namba 36, ikazwe kwelikweli, kisha zungusha kwa mkono na usikilize kabla ya kurudisha boksi.

Waya ndizo rahisi. Zile nyaya nene mbili zilizokuwa kwenye regyuleta, chini ya kiti cha nyuma, huungwa pamoja na kwenda moja kwa moja kwenye ncha ya B+ ya altaneta. Waya wa buluu wa taa nyekundu huenda D+. Regyuleta ya zamani inatoka, kwa kuwa altaneta imebeba yake, na dayodi zake hufanya kazi ya ile katauti iliyozuia betri kurudisha umeme kwenye dainamo. Mimi huongeza waya mpya mnene, kwani ule wa kiwandani ulipigiwa hesabu ya ampea 30.

Vijana, nawaambia jambo hili kwa uchungu. Mnaongeza altaneta kwa sababu ya spika. Mnatoa balbu ya taa nyekundu kwa sababu inawakera. Balbu hiyo ndiyo inayoamsha altaneta, na ndiyo inayomwambia dereva mkanda umekatika. Mkanda ukikatika feni imesimama, na dereva wa Beetle hana geji ya joto ya kumwonya. Ana balbu moja tu, mkaing'oa. Pimeni pia kabla ya kubadilisha chochote. Betri iliyotulia inasoma volti 12.6. Injini ikikimbia, isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa dainamo inafika hapo na mwenye gari haendeshi usiku mjini, mwacheni na dainamo yake. Na msichome welding kwenye gari kabla ya kutoa waya wa betri, maana dayodi hazivumilii.

Hoja ya mzee ya betri iliyokufa sijawahi kuijibu, kwa sababu haina jibu. Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu aliniletea Kombi akitaka altaneta kabla ya kwenda nayo Loiyangalani na mkewe. Nilimuuliza kama atasafiri usiku, akasema hapana. Nilimuuliza atalala wapi, akasema humohumo, mahali pengine hata gari la pili halipiti siku nzima. Nikakataa. Nikafungua dainamo yake, nikaipeleka kukerezwa, nikachimba maika, nikaweka kaboni na beringi mpya. Kisha nikamwita yeye na mkewe nyuma ya gari, nikawaonyesha wote wawili jinsi ya kuiamsha kwa waya, na nikawafanya warudie mbele yangu mpaka kila mmoja akaweza.