Paka Kasusa Beseni, Kumbe Anaumwa!

Jamani, kuna dada mmoja wa Sinza, paka wake dume alisusa ghafla beseni la mchanga akawa anakojolea kitanda. Shoga anayekaa naye akaja juu: "Akirudia, namtia kwenye kiroba namtupa sokoni." Viboko vikatembea, paka akazidi kukojoa mafichoni.

Daktari wa mifugo ndiye aliyefumbua fumbo: paka alikuwa anaumia akikojoa. Akiumia akiwa kwenye beseni, anaona beseni ndilo linalomuumiza, analikimbia. Na dume akijikamua bila kutoa hata tone, msisubiri kesho, anaweza kufa.

Baada ya dawa, somo likaanza upya. Beseni jipya, mchanga laini usio na manukato, kona tulivu mbali na chakula, uchafu unazolewa kila siku. Akawekwa chumba kimoja kwanza, akitumia beseni anapewa kipande cha kuku. Godoro likasafishwa hadi harufu ikaisha, maana harufu ya mkojo humrudisha palepale. Taratibu akazoea, shuka zikabaki kavu.

Paka hajui kusema "naumwa", wadau. Wako akisusa beseni, utashika fimbo au utampeleka kwa daktari? Tiririka hapo chini.