Asili na Kiasi: Kumbukumbu za Mwalimu wa Hesabu

Kazi yangu ilikuwa ualimu, na ndani ya ualimu huo nilipewa, kwanza kwa bahati na baadaye kwa kuomba mwenyewe, somo la hesabu katika yale madarasa ambamo mtoto huiacha namba nzima aliyoizoea tangu alipojua kuhesabu vidole vyake, akakabiliwa kwa mara ya kwanza na namba iliyopasuliwa, yenye kiasi juu, asili chini, na mstari katikati. Wenzangu wengi waliliona jambo hili kuwa dogo, la kupitiwa haraka ili wafike kwenye riba na maeneo; mimi, tangu miaka yangu ya mwanzo Pangani hata nilipostaafu mjini Tanga, niliamini, na ningali naamini, kwamba hapo ndipo mtoto anapokata shauri moyoni mwake kama hesabu ni jambo la akili lenye hoja na dalili, au ni amri za mwalimu za kutiiwa bila kuulizwa.

Marehemu baba yangu alikuwa seremala, na rula yake ya mbao, iliyogawanya inchi kwa nusu, robo na thumuni, ndiyo iliyokuwa kitabu changu cha kwanza cha sehemu. Na mama, ambaye hakupata kukaa darasani hata siku moja, alijua barabara kwamba vibaba vinne ni pishi, na kwamba vibaba vitatu ni pishi kasorobo, wala hapakuwa na muuza duka aliyeweza kumpunja. Nilipoanza kufundisha, mwanzoni mwa miaka ya 1960, nikaona kwamba watoto wa Pangani walikuja shuleni na ilimu hiyohiyo kutoka majumbani mwao, walakini ilipofika ubaoni ikawapotea, kwa kuwa waliposhika chaki hawakuona tena nusu wala thuluthi, bali waliona tarakimu nne zilizotawanyika, wakazijumlisha kwa namna yoyote iliyowajia.

Namkumbuka binti mmoja, hodari wa kusoma, mwenye mwandiko mzuri, niliyemwita ubaoni ajumlishe 1/2 na 1/3. Akaandika 2/5 bila kusita, maana moja na moja ni mbili, na mbili na tatu ni tano, kisha akageuka kunitazama kwa yakini ya mtu aliyekwisha kazi yake. Sikumwambia kwamba amekosa. Nilimwuliza, "Mwanangu, nusu saa ni dakika ngapi?" "Thelathini, mwalimu." "Na thuluthi ya saa?" Akafikiri kidogo. "Ishirini." "Zote pamoja?" "Hamsini." "Haya, sasa igawe saa mafungu matano, uchukue mawili." Akahesabu pembeni mwa ubao, akapata dakika 24, akasimama akizitazama zile 24 na zile 50, kisha akasema polepole, kama anayejisemea, "Nimeanza na thelathini, nikaongeza, nikapata ishirini na nne?" Akalifuta jibu lake kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku hiyo sikuhitaji kumkumbusha kwamba jumla haiwezi kuwa ndogo kuliko kimojawapo cha vilivyojumlishwa.

Hapo ndipo maelezo yalipopata mahali pa kukaa. Asili hutaja ukubwa wa fungu, na kiasi hutaja mafungu ni mangapi. Nusu na thuluthi ni mafungu ya ukubwa mbalimbali, na kwa sababu hiyo hayajumlishiki mpaka yakatwe upya yalingane. Kazi hiyo ya kukata upya ndiyo tunayoifanya tunapotafuta Kigawe Kidogo cha Shirika, ambacho watoto hukiita KDS: kwa 2 na 3 ni 6, basi 1/2 huwa 3/6, na 1/3 huwa 2/6, jumla 5/6, na 5/6 za dakika 60 ni dakika 50 zilezile. Mtoto aliyeliona hili hana haja ya kukariri kwamba asili hazijumlishwi, kwa kuwa haoni tena sababu ya kuzijumlisha.

Kugawanya kwa sehemu kulikuwa na mashaka makubwa zaidi, maana kaida ya kupindua kisha kuzidisha hufundishwa aghalabu kama mazingaombwe. Mimi nilianza na swali la dukani: ukiwa na pishi mbili za mchele, ukapima kwa nusu kibaba, utapima mara ngapi? Nusu kibaba ni thumuni ya pishi. Pishi moja ina thumuni nane, basi pishi mbili zina kumi na sita. Kwa hiyo 2 ÷ 1/8 ni sawa na 2 × 8, na ile 8 haikuzuka, ndiyo idadi ya thumuni zilizomo ndani ya kizima kimoja. Na aliye na 3/4 ya pishi atapima mara sita. Watoto walistaajabu kwamba kugawanya kunaweza kuongeza idadi, na mshangao huo niliuacha ukae siku mbili tatu kabla ya kuwapa kaida yenyewe.

Kuhusu mpangilio wa matendo, kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania analijua neno MAGAZIJUTO: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Ni neno lililosaidia wengi, nami nililitumia. Lakini ni wajibu wangu kusema kwamba ndani yake mna jambo la hatari ambalo halisemwi vya kutosha. Kutanguliza kugawanya mbele ya kuzidisha hakudhuru, maana 6 × 8 ÷ 4 ni 12 ukianzia popote kati ya hapo, na 24 ÷ 4 × 2, ukitanguliza kugawanya, ni 12 vilevile. Ama kutanguliza kujumlisha mbele ya kutoa, hilo hudhuru. Mpe mtoto 10 − 4 + 3, naye akalishika neno herufi kwa herufi, atajumlisha 4 na 3 apate 7, atoe katika 10, aandike 3. Ilhali mtu mwenye shilingi 10, akatumia 4, kisha akapewa 3, ana shilingi 9 mfukoni, na hapana neno liwezalo kumpokonya sita. Ukweli ni kwamba kugawanya na kuzidisha ni matendo ya daraja moja, na kujumlisha na kutoa ni ya daraja moja lililo chini ya lile la kwanza, na matendo ya daraja moja huandamwa kutoka kushoto kwenda kulia. Haya ni mapatano ya wanahesabu, hayakuteremka na mvua. Walakini ni mapatano yasiyo na badali, maana bila ya hayo watu wawili waaminifu wasomao 2 + 3 × 4, mmoja atapata 20 na mwingine 14, na kila mmoja ataapa.

Zoezi nililolipenda kuliko mengine yote, na ambalo niliwataka walifanye hatua kwa hatua, kila hatua katika mstari wake, lilikuwa hili: 3 1/2 − 1/4 × (2/3 + 5/6) ÷ 1/2. Mabano kwanza: KDS ya 3 na 6 ni 6, kwa hiyo 4/6 na 5/6 ni 9/6, nayo ikirahisishwa ni 3/2. Kisha kutoka kushoto, 1/4 × 3/2 ni 3/8. Kisha 3/8 ÷ 1/2, yaani 3/8 × 2, ni 6/8, ambayo ni 3/4. Mwisho kutoa: 3 1/2 ni 14/4, ondoa 3/4, zabaki 11/4, sehemu guni, ambayo kwa namba mchanganyiko ni 2 3/4. Yuko mtoto atakayekimbilia kutoa 1/4 katika 3 1/2 kwa kuwa ndizo zilizo mbele ya macho yake. Na ukimtaka aandike mistari yote, utauona mstari aliopotea kama uonavyo mshono uliofumuka katika kanzu. Aliyeandika jibu peke yake, hata likiwa sahihi, hakunipa kitu cha kukisahihisha.

Miaka mingi, jioni, nilimsaidia mwanachuoni mmoja wa mtaani ambaye watu walimletea mirathi zao, na huko ndiko nilikoona kwa macho yangu kwamba hesabu za darasani ni haki za watu. Ilimu ya faraidhi, kama ajuavyo kila aliyeisoma, ni ilimu ya sehemu: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi, na sudusi, yaani sehemu ya sita. Al-Khwarizmi mwenyewe, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kile kitabu ambacho kwacho aljebra imepata jina lake, alitoa fungu kubwa la kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Na mpangilio wa matendo umo: kwanza maziko, kisha deni, kisha wasia usiozidi thuluthi ya kilichobaki, ndipo warithi.

Chukua marehemu aliyeacha shilingi 5,000, maziko yakala 200, deni 750, naye kausia thuluthi. Hesabu ni (5,000 − 200 − 750) × 2/3, yaani 4,050 × 2/3, nazo ni 2,700 za warithi. Mwenye haraka akiyasahau mabano, akaandika 5,000 − 200 − 750 × 2/3, atazidisha 750 peke yake apate 500, na mwisho 4,300. Ameongeza shilingi 1,600 ambazo hazipo.

Na warithi wakiwa ni mke mwenye thumuni, baba na mama wenye sudusi kila mmoja, na mabinti wawili wenye thuluthi mbili, KDS ya asili hizo ni 24: mke 3, baba 4, mama 4, mabinti 16. Jumlisha: ni 27. Mafungu yamezidi kizima! Suala hili ni mashuhuri, huitwa Mimbariya, kwa kuwa yasimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani sehemu ya tisa. Njia yake ni aul, yaani kuipandisha asili kutoka 24 hadi 27, ili upungufu umpate kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake: mke shilingi 300, baba 400, mama 400, na mabinti 1,600, kila mmoja 800. Zile 1,600 za mwenye haraka zilikuwa sawasawa na fungu zima la mabinti hawa wawili, na sijapata kuona mfano uliowanyamazisha wanafunzi wangu wakubwa kama huu.

Baadaye mengi yalibadilika. Baada ya 1967 Kiswahili kikawa lugha ya masomo yote ya shule za msingi; mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima nilikaa na wavuvi waliojua kugawana samaki kwa mafungu kabla sijawafundisha kuandika; na kampeni ya elimu kwa wote ya 1977 ilitujazia madarasa hata tukasahihisha madaftari usiku. Sehemu zilikuwa zilezile, na makosa yalikuwa yaleyale.

Kwa walimu vijana walioshika chaki baada yetu nina ombi moja. Siku mtakayowafundisha watoto MAGAZIJUTO, siku hiyohiyo, kabla kengele haijalia, andikeni ubaoni 10 − 4 + 3, mwaite mtoto mmoja aje na shilingi za kuhesabia, na msiufute ubao mpaka darasa zima liwe limeiona ile tisa.