Silaha Bora au Akili Bora?

Watu wengi wa Nyamache, katika nchi ya Bobasi huko Kisii, wamesikia tangu utoto wao habari za jinsi babu zao walivyoshindwa na Waingereza. Vijana waliosoma husema jambo hilo halina fumbo: mwenye mkuki hawezi kumshinda mwenye bombomu. Wazee hujibu kwamba mkuki ulimpata hata Bwana mwenyewe wa serikali, na ya kuwa babu zao hawakukosa ushujaa wala chuma, bali walikosa shauri. Kila upande una haki yake, wala hapana ulio na haki yote. Yafaa maneno haya yapimwe kwa mambo yaliyotukia kweli.

Mwaka 1905 jeshi la King's African Rifles pamoja na polisi lilipelekwa Kisii ili kuwatiisha watu. Askari walijipanga mraba, na mashujaa wakawajia kwa wingi mahali peupe, ngao na mikuki mikononi. Afisa mmoja aliyekuwako, Robert Foran, aliandika baadaye kwamba bombomu ilipiga kwa muda mrefu hata ikakaribia kuwa nyekundu kwa moto. Mamia walianguka. Hapo vijana wana haki: ngao ya ngozi haizuii risasi. Lakini wazee nao wana haki wakiuliza, je, kama mashujaa hao wangalingoja katika mabonde membamba na misitu ya vilima vyao, mraba ule ungaliweza kupangwa?

Jibu la swali hilo lilikwisha kupatikana miaka 14 nyuma, katika nchi ya Wahehe. Mnamo Agosti 1891 Emil von Zelewski, aliyeitwa na watu Nyundo, alikwenda kumwadhibu Mkwawa akiwa na bunduki, mizinga na bombomu. Kikosi chake kilipita Lugalo kwa mstari mrefu, mtu nyuma ya mtu, katikati ya vichaka na mawe. Wahehe walikuwa wamelala pande za njia. Walipoinuka walikuwa karibu mno, na kabla bombomu haijafunguliwa kutoka katika mizigo yake, Zelewski alikuwa maiti pamoja na askari wake wengi. Silaha bora zilikuwako, lakini hazikupewa nafasi ya kusema.

Basi mtu asikimbilie kusema kwamba akili hushinda daima. Mkwawa huyo huyo, baada ya ushindi ule, aliutumaini ukuta mkubwa wa mawe wa boma lake la Kalenga. Wadachi waliporudi mwaka 1894 hawakuwa na haja ya kutafuta adui porini. Adui alikuwa amejifungia mahali pamoja, mbele ya mizinga yao. Mnamo tarehe 30 Oktoba boma likatekwa. Watu walikuwa wale wale, na kiongozi yule yule, mwenye bunduki nyingi kuliko zamani. Kilichobadilika ni mahali pa kupigania. Penye vichaka mzinga ulikuwa mzigo. Penye ukuta mzinga ulikuwa mfalme.

Wala Waafrika si peke yao waliofundishwa somo hili. Mnamo Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, wateremke Tanga. Von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wapatao 1,000 tu. Lakini Waingereza walipoteza muda baharini, na muda huo Wadachi wakaleta askari wao kwa reli kutoka upande wa Moshi. Siku chache baadaye wageni walirudi melini, wakiacha nyuma bombomu 16 na risasi nyingi, ambazo adui alizitumia dhidi yao. Hivyo silaha bora ya mtu asiye na shauri huwa zawadi kwa jirani yake.

Pengine mtu atasema kwamba hizo ni habari za zamani, na ya kuwa kifaru cha chuma si kama bombomu ya mwaka 1905. Na atazame basi Lukaya, ng'ambo ya Ziwa Victoria, katika vita vya Tanzania na Idi Amin. Barabara ya Kampala hupita pale juu ya tuta katikati ya kinamasi. Mtu wa Nyamache hahitaji kuelezwa maana yake, kwa kuwa amekwisha kuona lori zito likizama katika matope ya masika, na mwenda kwa miguu akilipita. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979 askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin, wenye vifaru na makombora ya kutisha, waliipiga Brigedi ya 201 ya Tanzania hata wengi wakatawanyika. Kama silaha peke yake ingaliamua, habari ingalikwisha hapo. Lakini Brigedi ya 208 ilikuwa mbali, kaskazini-magharibi. Ikaamriwa kuzunguka upesi, na alfajiri ikatokea ubavuni mwa adui, huku wale wa 201 wakijipanga upya upande wa kusini. Walibya zaidi ya 200 waliuawa, na siku 31 baadaye Kampala ikatwaliwa. Watanzania pia walikuwa na vifaru. Asidhani mtu kwamba walishinda kwa mikono mitupu. Ila hawakukiachia kifaru kazi ya kufikiri.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo wabishi wa pande zote mbili hulisahau, nalo ni zito kuliko vifaru na hila pamoja. Mnamo Januari 1908 Otenyo, akichochewa na maneno ya nabii mwanamke Moraa, alimvizia Bwana Northcote njiani akamchoma mkuki. Huko ndiko kuvizia kwenyewe, kama kule Lugalo. Northcote akapona, na jeshi likaja. Safari hii halikuwangoja mashujaa mahali peupe: lilichoma nyumba, likateka ng'ombe, likaua watu wengi, hata Winston Churchill, aliyekuwa waziri mdogo wa makoloni, akauliza kutoka London kwa nini mauaji makubwa namna ile yaendelee. Shujaa aweza kujificha mlimani. Nyumba haiwezi kujificha, wala wimbi lililo shambani, wala mama mwenye mtoto mgongoni.

Tena mwaka 1914 Wadachi na Waingereza walipopigana Kisii, nao Wadachi wakaondoka, watu walipora maduka na ofisi za mji. Vita haikuwa yao, lakini adhabu ilikuwa yao, nayo ililipwa kwa ng'ombe.

Kwa hiyo wazee na vijana wa Nyamache wakitaka kupatana, na wapatane hivi. Silaha huamua ni wangapi watakaokufa. Akili huamua ni nani atakayeshinda siku ile, kwa maana akili ni kuchagua mahali ambapo silaha ya adui haina kazi. Lakini mwisho wa vita huamuliwa na nguvu ya wale walioko nyumbani: watastahimili njaa na moto hata lini? Babu wa Wakisii hawakushindwa kwa upumbavu, wala kwa woga. Walishindwa kwa sababu adui aliacha kuwatafuta wao, akaenda kuwatafuta watoto wao. Kijana anayewacheka wazee wake kwa mikuki yao, na ajiulize kwanza angalifanya nini yeye, akitazama kutoka mlimani moshi wa nyumba ya mama yake.