Umri wa changu

Nilikulia Kunduchi, na kwetu samaki alijulikana kwa bei. Nguru alikuwa wa hoteli, kolekole wa mnada, changu na tasi wa mafungu. Asiye na jina alipewa paka. Habari za meli za utafiti tulizisikia kwa mbali. Meli ya kwanza iitwayo Dr. Fridtjof Nansen ilipita kwenye maji yetu mwaka 1982 na 1983 kupima wingi wa samaki, ila ufukweni gumzo lilikuwa mafuta ya injini na nyavu.

Mwaka 2018 ikaja ya tatu yenye jina hilo, mpya, yenye urefu wa zaidi ya mita 74, maabara saba na bendera ya Umoja wa Mataifa. Nilipanda kama msaidizi wa maabara. Kazi ilikuwa ya zamu, usiku na mchana: wavu ukishapanda, samaki wanachambuliwa kwa aina, wanapimwa urefu na uzito, wanapasuliwa kutazamwa mayai. Harufu unaizoea, usingizi wa kukatwakatwa, hapana. Na wale wa kupewa paka ndio waliogombaniwa. Kisamaki cheusi chenye vitaa ubavuni, ambacho mchana hujificha mamia ya mita chini na usiku hupanda kutafuta chakula, kilipigwa picha nyingi kuliko bwana harusi.

Lakini kilichonigeuza macho ni changu, samaki niliyemla tangu utotoni. Unampasua kichwa nyuma ya macho, unaingiza kibano taratibu, unatoa vijiwe viwili vyeupe vinavyomsaidia kusikia na kujua kama amekaa sawa. Vijiwe hivi hukua kwa matabaka. Kikikatwa kipande chembamba na kuwekwa chini ya hadubini, unahesabu miaka. Wapo changu wanaovuka miaka 20. Na mimi vijiwe hivyo nilikuwa navitema pembeni ya sahani!

Siku hizi nikiona mafungu ya vichangu vya kutosha kiganja, najua wengi wao hawajataga hata mara moja, na roho inaniuma, ingawa najua pia anayeyanunua ana watoto wa kulisha.

Dada yangu anakaanga samaki Mbagala. Nilimwonyesha changu mkubwa kwenye beseni lake, nikamwambia huyu huenda amemzidi umri mwanao wa kwanza.

“Kwa hiyo nipandishe bei?” akauliza, huku anamtia chumvi.

Akaipandisha kweli.